Nesi kuuliza jina mara nne si usahaulifu: usalama wa mgonjwa ni kitu gani hasa?

Kaa nusu saa kwenye mabenchi ya nje ya wodi yoyote kubwa hapa Mwanza, utawasikia. "Mapokezi wameniuliza jina, maabara wameniuliza, wodini tena, na sasa sindano imefika bado ananiuliza jina lile lile. Kwani faili halisomeki?" Wa pembeni yake ana la kwake: mama yake hajaonja hata uji tangu jana usiku, eti ana operesheni, na saa tano hii hajaitwa. Wa tatu ndiye mwenye hasira zaidi. Ukoo mzima umechangia damu, lakini mfuko uliotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa wao haukutoka kwa yeyote kati yao.

Ngoja livume mtandaoni tukio la mgonjwa kupewa dawa ya mwenzake. Watu hao hao wataandika: huyo nesi alishindwa nini kuhakikisha?

Kuhakikisha ndiko huko kunakowachosha pale kwenye mabenchi. Kuna mkanganyiko mkubwa katika jambo hili, na haushangazi, kwa sababu kazi nyingi ya kumlinda mgonjwa haionekani kama kazi. Inaonekana kama usumbufu, urasimu, wakati mwingine roho mbaya.

Tuanze na maana. Usalama wa mgonjwa ni kumkinga mtu asidhuriwe na huduma yenyewe. Ugonjwa uliomleta hospitali ni habari nyingine. Mtu akija na malaria kali, akapewa tiba inayostahili na kwa wakati, na bado akafariki, hilo ni la ugonjwa. Akipona malaria lakini akarudi nyumbani na jipu mkononi, kwa kuwa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa, iliachwa kwenye mshipa siku nyingi bila mtu kuiangalia, hilo ni la huduma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa mikononi mwa huduma za afya, kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Hizo ni hesabu za dunia nzima, nchi tajiri zikiwemo. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 tarehe 17 Septemba huadhimishwa kama Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kosa, madhara na nusura. Kosa ni kufanya kisichotakiwa, au kuacha kilichotakiwa. Madhara ni kile kinachompata mgonjwa. Kosa linaweza kutokea bila madhara, na madhara yanaweza kutokea bila kosa la mtu, kwa mfano mgonjwa anapopata mzio wa dawa ambayo hakuna aliyejua kwamba inamkataa. Nusura ni pale muuguzi anapochukua kichupa siyo, akakisoma, akakirudisha. Hakuna aliyeumia, lakini ilibaki kidogo. Hospitali makini huiandika nusura na kuijadili kana kwamba mtu ameumia. Isiyo makini humwambia muuguzi ana bahati, kazi inaendelea, na vile vichupa viwili vinavyofanana vinabaki rafu moja vikimsubiri wa zamu ya usiku.

Sasa, kosa huzuiwaje? Watu wengi hudhani jibu ni kuwa na wauguzi wasiokosea. Hao hawapo, Mwanza wala Ulaya. Mwanasaikolojia James Reason wa Uingereza, aliyeyachunguza makosa ya kibinadamu kwa miaka mingi, alieleza kwamba mifumo salama hutegemea vizuizi vingi, kila kimoja kikiwa na kasoro zake. Kwa lugha ya huku ziwani, chukulia nyavu tano zilizotegwa moja nyuma ya nyingine. Hakuna wavu usio na tundu. Samaki atakayepenya wa kwanza huenda akakwama kwenye wa pili au wa tatu, na atapita moja kwa moja siku ile tu matundu yote yamekaa mstari mmoja. Daktari anayeandika dozi ni wavu, mfamasia anayeisoma ni wavu, lebo ya kichupa ni wavu, swali la jina ni wavu, na ndugu aliyekaa pembeni ya kitanda naye ni wavu. Muuguzi wa zamu mara nyingi ndiye wa mwisho. Kwa hiyo kosa likipita, macho yote humwona yeye, ingawa lilishapenya kwa wanne waliomtangulia.

Hapo ndipo swali la jina linapoeleweka.

Kina Doto wawili, wodi moja

Kanda ya Ziwa ina tatizo lake katika utambuzi, na wanaoandika miongozo huko mbali hawalijui. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Majina hayo hutokana na namna mtu alivyozaliwa, hivyo yanarudi kila familia inapopata mapacha. Wodi ya watoto yenye kina Doto wawili si ajabu hata kidogo. Na kwa akina mama mambo yanakorogeka zaidi: kwenye faili kaandikwa Mariamu, lakini mtaani na kitandani ni Mama Shija, na wifi yake anayemuuguza pengine hilo la faili halimjii haraka.

Ongeza na hili. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 39, aliyeamshwa usiku wa manane, ukimuuliza "Wewe ni Doto?" atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa lolote. Mzee aliyeletwa kutoka Ukerewe, anayezungumza Kikerewe nyumbani na Kiswahili chake ni cha sokoni, naye atasema ndiyo kwa adabu tu, kwa kuwa mtu aliyevaa sare amemsemesha kwa heshima. Kwa sababu hiyo muuguzi aliyefundishwa vizuri haulizi swali la ndiyo au hapana. Anasema, "Baba, nitajie majina yako yote." Kisha anatafuta kitu cha pili cha kulinganisha: tarehe ya kuzaliwa, au namba ya faili. Mtu asiyejua tarehe yake, na wazee wengi hawaijui, ataulizwa kijiji alichotoka.

Namba ya kitanda haitambulishi mtu. Wagonjwa huhamishwa, na kwenye wodi iliyofurika wawili hulazwa kitanda kimoja. Anayesema "mpe dawa wa kitanda namba saba" anaweka tundu kwenye wavu.

Kwa watoto wachanga ndiyo kabisa, maana hawana jina bado na hawawezi kujibu. Kile kitambaa au plasta mkononi mwa mtoto, yenye jina la mama, saa ya kuzaliwa, jinsia, na kama ni pacha basi wa kwanza au wa pili, ndiyo utambulisho wake pekee. Nimeona bibi wakiivua kwa sababu "inambana mtoto". Kama inambana, mwite nesi ailegeze au aibadilishe mbele yako. Usiivue.

Dawa: mambo matano na mzani mmoja

Kila mwanafunzi wa uuguzi hukaririshwa mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Siku hizi huongezwa la sita, kuandika palepale baada ya kutoa, kwa kuwa dawa isiyoandikwa inaweza kutolewa tena na anayeingia zamu. Yanasikika mepesi. Ugumu uko kwenye mazingira yanamofanyikia: toroli ya dawa, wagonjwa wengi, ndugu watatu wanamvuta nesi kumuuliza choo kiko wapi, na simu ya wodini inaita. Ombi langu kwa wasomaji ni dogo hapa. Mkimwona nesi anavuta dawa kwenye bomba la sindano, msimsemeshe mpaka amalize. Kama mgonjwa wenu hazidiwi, salamu inaweza kusubiri dakika mbili.

Makosa mengi ya dozi ni ya kuandika na kusoma. Nusu ikiandikwa .5 bila sifuri mbele, nukta ikififia inakuwa tano. Insulini hupimwa kwa yuniti, na daktari akifupisha kwa kuandika 10U kwa haraka, ile U inaweza kusomwa kama sifuri, ikawa 100. Insulini mara kumi ya inayotakiwa hushusha sukari mpaka mtu akapoteza fahamu. Ndiyo maana hospitali nyingi zinataka neno yuniti liandikwe lote, na insulini ivutwe kwa bomba lake maalumu. Halafu kuna potasiamu kloraidi, dawa inayookoa maisha ikichanganywa kwenye maji mengi na kuingia taratibu, lakini ikisukumwa mshipani ilivyo kutoka kwenye kichupa inaweza kuusimamisha moyo. Kwa macho ni maji tu. Ushauri unaokubalika duniani ni kutokuiweka kabisa pamoja na vichupa vya kawaida wodini.

Kwa watoto, wavu muhimu kuliko yote ni mzani. Chukua atesunati, sindano ya malaria kali, ambayo huku Kanda ya Ziwa si dawa ngeni. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Aliyefikisha kilo 20 na kuendelea hupewa miligramu 2.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30. Ukimkadiria kwa macho kwamba ana kilo 15, umemwongezea nusu nzima. Ukimkadiria kilo 7, umempa dawa isiyotosha kuua vimelea. Kwa hiyo mama anapoambiwa amvue mtoto nguo nzito na kumpandisha kwenye mzani wakati anawaka homa, asione anacheleweshwa. Tiba yenyewe imeanza hapo.

Wavu wa mwisho unahamia nyumbani, na huo nao una tundu linalojulikana. Bahasha ya dawa huandikwa 1x3 na wengine humeza vidonge vitatu kwa mara moja. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Dawa ya mseto ya malaria ina lake: dozi ya pili hunywewa saa nane baada ya ya kwanza, na zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili mpaka siku tatu ziishe. Usiondoke dirishani mpaka umerudia kwa mdomo wako mwenyewe ulivyoelewa. Mfamasia mzuri atakuomba urudie. Asipokuomba, rudia hivyo hivyo.

Dripu haiongezi damu

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu imani zake ni kubwa kuliko wodi zenyewe. Mgonjwa asiyetundikiwa dripu huonekana hajatibiwa. Ndugu huomba "hata moja tu ya nguvu". Na wapo wanaokiona kile kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mrija, wakakifungua ili maji yakimbie, mgonjwa apate nafuu upesi na kitanda kisishikiliwe.

Ndani ya mfuko wa kawaida wa dripu kuna maji yenye chumvi au sukari kiasi. Hakuna damu, hakuna vitamini ya siri. Ni dawa kama dawa nyingine, na ina dozi, yaani kasi yake. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, waliokuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka mshipani, kama vitabu vya wakati ule vilivyoelekeza, na wengine wakapewa taratibu tu. Watafiti walitarajia maji ya haraka yaokoe. Ndani ya saa 48 waliofariki katika kundi la maji ya haraka walikuwa takriban 10.6 kwa kila 100, na katika kundi la taratibu 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Wapo wanaohitaji maji mengi kwa haraka, kama mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa maji mwilini, na huyo atapewa. Kuamua nani anahitaji ni kazi ya kitabibu. Ndugu anayegusa kigurudumu anabadilisha dozi ya dawa asiyoijua, kwa mgonjwa ambaye pengine moyo au mapafu yake hayawezi kuhimili. Dripu ikisimama, au mkono ukivimba pale kanula ilipoingia, mwite nesi. Ikienda polepole kuliko unavyopenda, muulize kwa nini. Swali hilo lina jibu na una haki ya kulisikia.

Yanayofanana na hayo hutokea kwenye chakula. Mgonjwa wa operesheni huzuiwa kula chakula kigumu kwa saa sita hivi, na hata maji meupe husimamishwa saa mbili kabla, kwa sababu dawa ya usingizi hulegeza koo. Kilichomo tumboni kikipanda, kinaingia kwenye mapafu, na hiyo ni hatari ya kufa. Anayempenyezea mgonjwa uji chini ya kanga kwa huruma anaweza kumuua, na mgonjwa aliyekula akiona aibu kusema anaingia chumba cha upasuaji na siri mbaya. Kama kala, aseme. Ataahirishwa, basi. Hapa lakini hospitali nazo zina la kujibu: mgonjwa aliyepangwa asubuhi akaitwa jioni bila mtu kumweleza lolote ameteswa njaa bure, na ratiba ikibadilika muuguzi anatakiwa kuuliza upya kama anaweza kunywa chochote.

Vile vile mitishamba. Mjamzito aliyekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, kisha leba akawekewa dripu ya uchungu bila wakunga kujua, yuko kwenye hatari ya mfuko wa uzazi kubanwa kupita kiasi na hata kupasuka. Najua kwa nini watu wanaficha. Wanaogopa kufokewa, na mara nyingine hofu hiyo ina msingi. Muuguzi anayefoka amejizibia mwenyewe chanzo cha habari. Siku nyingine ataambiwa "sijatumia chochote" na ataamini.

Tuje kwenye damu. Ndugu wakichangia, damu yao huingia kwenye akiba; hapa kwetu kipo kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha hutumika kwa yeyote ambaye kundi lake linaoana nayo. Mgonjwa wenu hupewa iliyokwisha kupimwa na inayomfaa. Kuwa ndugu hakuhakikishi kundi kuoana wala damu kuwa salama, ingawa wengi wetu tunaapa kwamba damu ya nyumbani ndiyo njema. Kabla ya kuitundika, watu wawili hulinganisha mfuko na mgonjwa palepale kitandani: jina, namba, kundi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Damu isiyooana inaweza kuua hata ikiwa imeingia kidogo tu, na dalili huanza mapema, hivyo dakika 15 za mwanzo ndizo za kumkazia macho. Akitetemeka, akapandisha homa ghafla, akalalamika kiuno, kifua kikambana au mwili ukamuwasha, usingoje mfuko uishe. Piga kelele.

Mikono, hesabu na saa

Juu ya kunawa mikono nitapita haraka, si kwa udogo wake. Mwaka 1846 katika wodi moja ya wazazi mjini Vienna walifariki akina mama zaidi ya 11 kwa kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis alipolazimisha mikono ioshwe kwa dawa ya klorini mwaka 1847, vifo viliporomoka, na kufikia 1848 vilikuwa takriban 1 kwa kila 100. Leo kusugua mikono kwa kitakasa chenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, na kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu zile zile zikigusa vitanda viwili zinamlinda aliyezivaa tu.

Chumba cha upasuaji kina mazoea mengine yanayoshangaza wagonjwa: kabla ya kisu, timu nzima husimama na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, operesheni gani, upande upi, na kabla ya kushona, muuguzi huhesabu vitambaa, sindano na mikasi. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Hakukununuliwa mashine mpya. Watu walianza kusemezana.

Kusemezana ndiko kunakokatika zaidi kwenye kupokezana, na mkoa wetu una kupokezana kwingi. Mgonjwa anatoka zahanati ya kisiwani, anafika Nansio, mji wa Ukerewe, anapanda kivuko, anapokelewa Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, pengine anapandishwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya kilima tangu 1971. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewapunguzia wa Sengerema na Geita kusubiri kivuko, lakini barua ya rufaa bado inaandikwa na mkono wa mtu. Kinachopotea njiani mara nyingi ni kimoja: dawa ipi imetolewa na saa ngapi. Barua ikisema "dozi ya kwanza saa 2", anayepokea hajui kama ni asubuhi, ni usiku, au ni saa 2 ya saa 24, yaani saa nane za usiku. Wauguzi waangalifu huandika 20:00 kukata shauri. Ndugu anayesafiri na mgonjwa afanye hivi: aombe kuambiwa dawa zilizotolewa, aziandike kwenye simu na saa zake, na vichupa vitupu akiruhusiwa avibebe. Atakuwa wavu mzuri kuliko barua iliyolowa mvua.

Wodini pia anayeuguza ana kazi yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo vidonda vya kulalia huanza kiunoni na visiginoni. Kwa uhaba wa wauguzi usiku tusidanganyane, nesi peke yake hatafika kila kitanda kwa wakati. Mwombe akuonyeshe namna ya kumgeuza. Asiye na fahamu, usimlishe kwa mdomo hata kijiko kimoja. Na mzee anayeamka usiku kwenda haja, lala upande anaoshukia.

Je, kila kosa ni uzembe?

Hapana, na kila kosa kuitwa uzembe kumetugharimu. Muuguzi aliyechoka mwisho wa zamu akachukua kichupa kinachofanana na kingine ameteleza. Aliyeacha kuuliza jina kwa sababu wodi nzima imezoea kutouliza amefuata mkato, na mkato huo ni wa wodi na wakubwa wake pia. Aliyeitwa mara tatu akabaki anachezea simu, au aliyeiba dawa ya mgonjwa akaiuza, huyo ni wa kushtakiwa. Ukiwapa wote adhabu moja, wa kwanza hatasema tena, na kosa lisilosemwa litarudi kwa mgonjwa mwingine. Lakini upande wa pili nao nausema bila kuuma maneno: hospitali inayoficha faili, au inayoiambia familia "ni mipango ya Mungu" wakati inajua kilichotokea, haiwezi kujikinga kwa maneno kwamba mfumo ndio wenye lawama. Familia inastahili kuelezwa ukweli, kuombwa radhi, na kuambiwa nini kimebadilishwa.

Mwenye lalamiko aanze kwa muuguzi kiongozi wa wodi hiyo, kisha muuguzi mfawidhi wa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hapo hapo. Akiona hasikilizwi, yuko mganga mkuu wa wilaya na wa mkoa. Kwa mwenendo wa muuguzi au mkunga mwenyewe lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndilo linalotoa leseni na lina mamlaka ya nidhamu juu ya mwenye leseni. Peleka kwa maandishi: tarehe, saa, wodi, jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye kichupa, na nani alikuwepo. Saa hasa usiisahau, kwa sababu kitabu cha ripoti ya zamu huandikwa kwa saa, na humo ndimo mchunguzi ataanza kutafuta.